Orodha za Ubora wa Vyuo Vikuu: Tuziamini Kiasi Gani?

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi hutuuliza: "Sheikh, chuo hiki ni cha ngapi duniani?" Swali ni la haki. Ada ni amana ya nyumba nzima, na wapo wanaouza shamba ili mtoto asome. Lakini kabla ya kuitegemea namba, tujue imepatikanaje.

Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, hutazama utafiti. Asilimia 30 ya alama zake hutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields za wahitimu na walimu wa chuo. Asilimia 20 nyingine ni makala katika majarida mawili tu, Nature na Science. Orodha ya QS, kwa utaratibu ulioanza na toleo la 2024, hutoa asilimia 30 kwa sifa ya chuo mbele ya wanazuoni wanaojaza dodoso, na asilimia 15 kwa sifa yake mbele ya waajiri. Webometrics huzingatia sana uwepo wa chuo kwenye intaneti.

Hakuna hata moja inayoingia darasani. Hazikwambii kama mwalimu wa uuguzi anafundisha vyema, kama maabara ina vifaa, wala kama binti yako atapata dakhalia ya salama.

Tena, baadhi ya takwimu hutolewa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022, Michael Thaddeus, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alionesha kasoro katika takwimu ambazo chuo chake kilizipeleka kwa U.S. News. Chuo kilikiri, na mwaka huo huo kikashuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Walimu na majengo yalikuwa yale yale.

Je, hazina faida? Zinayo, hasa kwa anayetafuta shahada ya uzamivu, ambaye utafiti ndio kazi yake. Kwa shahada ya kwanza, tunashauri maswali haya yatangulie:

1. Je, chuo kinatambuliwa? Ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na kwa vyuo vya nje ulizeni kabla ya kulipa ada.

2. Je, kozi inakubalika? Udaktari, uuguzi na uhandisi zina mabaraza na bodi zake.

3. Wahitimu wako wapi? Watafuteni waliomaliza miaka miwili mitatu iliyopita.

4. Je, tutamudu hadi mwisho? Hesabuni ada, dakhalia, chakula na nauli kwa miaka yote. Chuo chenye jina hakimfai mtoto aliyerudi nyumbani mwaka wa pili kwa kukosa ada.

Baada ya hapo, mshaurianeni na mtoto mwenyewe, waulizeni wajuzi, kisha mswali istikhara. Orodha iwe shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi, isiwe kadhi.

Wabillahi tawfiq.