Mtikisiko wa ubongo kwa wanafunzi wanamichezo: Dalili na hatua za kurejea uwanjani

Na Mwandishi Wetu

Michezo ya shule za sekondari, ikiwemo UMISSETA, huwakutanisha vijana katika soka, netiboli, mpira wa mikono na riadha. Pamoja na manufaa yake, ipo hatari ambayo mara nyingi haionekani kwa macho, nayo ni mtikisiko wa ubongo.

Hali hiyo hutokea pale pigo la kichwani au mwilini linapoutikisa ubongo ndani ya fuvu. Walio wengi hawapotezi fahamu, na picha za CT-Scan kwa kawaida hazioneshi kasoro, kwa kuwa kilichovurugika ni utendaji kazi wa ubongo.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kusumbuliwa na mwanga au kelele, kusahau, kujibu taratibu na hasira zisizo za kawaida. Baadhi hujitokeza saa kadhaa baadaye, hivyo mzazi anapaswa kumfuatilia mtoto hata baada ya kurudi nyumbani.

Mchezaji anayeshukiwa kuumia aondolewe uwanjani mara moja na asirejee siku hiyo, hata akidai kuwa yuko salama. Nchini Marekani, Jimbo la Washington lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2009, baada ya mwanafunzi wa miaka 13 aliyeumia kichwa kurejeshwa mchezoni na kupata madhara makubwa ya ubongo.

Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi, kiungo kikilegea au fahamu zikipungua, afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Kuhusu kupona, wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri mapumziko ya wastani kwa saa 24 hadi 48. Kujifungia gizani hakuhitajiki. Matembezi mepesi yanaruhusiwa, huku matumizi ya simu na runinga yakipunguzwa. Baada ya hapo mwanafunzi hurejea masomoni kwanza, kisha michezoni kwa hatua sita, kila moja ikichukua angalau saa 24. Mazoezi ya kugongana husubiri dalili ziishe na kibali cha daktari.

Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne. Walimu wa michezo, makocha na wazazi wanakumbushwa kuwa mechi moja iliyokoswa hufidiwa msimu ujao, lakini ubongo ulioumia mara mbili huenda usirudi katika hali yake.