Birika la Mosul

Bila shaka baadhi yenu mmeona jambia ambalo mpini wake umetiwa njumu za fedha. Leo twapenda kuwaeleza kazi ya namna hiyo iliyousifisha zamani mji wa Mosul, katika nchi ya Iraki, ukingoni mwa mto Tigris.

Katika British Museum, huko London, mna birika la shaba ambalo kimo chake ni futi moja hivi. Shingoni limeandikwa kwamba alilifanya Shuja' ibn Man'a, mtu wa Mosul, mwezi wa Rajabu, mwaka wa 629 wa Hijra, yaani 1232, mjini Mosul. Ubavuni mna wawindaji, wapiga ngoma na zumari, bibi ajitazamaye katika kioo, na mwingine asafiriye juu ya ngamia.

Fundi alifanyaje? Alichimba shaba kwa patasi ndogo, kina kidogo tu, kiasi cha kulaza bamba jembamba la fedha. Kando za shimo alizikata kwa ndani, zikawa kama midomo. Kisha alilaza fedha akaigonga polepole, na ile midomo ikaibana pasipo gundi wala lehemu. Juu ya fedha alichora macho na mikunjo ya nguo. Na palipobaki patupu alijaza kitu cheusi mfano wa lami, ili fedha izidi kung'aa.

Vyombo vyenye jina la fundi “al-Mawsili”, yaani mtu wa Mosul, vimebaki vingi. Lakini ni birika hili peke yake lisemalo wazi kwamba lilifanywa Mosul. Jingine, lililo Paris, lilifanywa Damascus mwaka wa 1258 au 1259. Na kinara kimoja kilifanywa Cairo mwaka wa 1269 au 1270. Watu hupenda kusema kwamba mafundi walitawanywa na Wamongolia walioutwaa Mosul mwaka wa 1262. Lakini birika la Damascus, kama mwonavyo, latangulia mwaka huo. Wengine walikwisha kuhama, wakifuata wafalme wenye fedha. Tena jina la mji laweza kurithiwa kama jina la babu, hata na mtu asiyepata kuuona. Kwa hiyo chombo kisichotaja mji ni vigumu kukipa Mosul au kuunyima.

Katika vyombo vingine fedha imebanduka. Hasara hiyo yatufaa kidogo, maana katika mashimo matupu ndimo zionekanapo zile kando zilizokatwa, na alama za patasi ya fundi.