Mbele ya kulipa garanti, uliza nani ameandika "hakuna shida"

Ndugu wa promo, na nyinyi wadogo munaokuja Goma kwa masomo ao kwa kazi, nataka tuongee kidogo juu ya kutafuta nyumba.

Wakati nilipopata kazi hapa, nyumba yangu ya kwanza niliipatia kwa simu, mu grupe ya WhatsApp. Chini ya picha watu saba walikuwa wameandika: "Maji iko", "Umeme iko", "Kartie imetulia, hakuna shida". Nikatuma garanti ya miezi tatu. Kufika, robine ilikuwepo kweli, lakini maji ilikuwa inatoka usiku, mara moja kwa juma. Nikarudilia kusoma yale maoni: yote saba yaliandikwa siku moja, na hakuna hata moja lililotaja avenyu ao bei ya bidoni. Garanti haikurudi.

Mu agronomia hatuhukumu shamba kwa udongo wa shimo moja. Tunachukua huku na kule, juu na chini, tunachanganya, njo tunapima. Maoni ya nyumba nayo ni vile.

Kwanza, anayesema anapata nini? Komisioneri anakula siku wewe unalipa. Mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba naye anaweza kuharibia nyumba nzuri jina. Kwa hiyo sifa na matusi, pima vyote namna moja: tafuta neno la mtu aliyeishi pale. "Mvua ikinyesha, maji inaingia kwa mlango wa nyuma" ina uzito kuliko nyota tano.

Pili, angalia tarehe. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na upande wa Buhene lava ilifunika nyumba za watu. Sifa iliyoandikwa 2020 juu ya avenyu ya kule haikusaidie leo.

Tatu, fikiria jambo ambalo hakuna anayeliandika. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Mugunga, kuko mazuku. Ni gesi ya CO2 inayotoka ardhini, mu mipasuko ya mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mu mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema upepo ukitulia. Inaanza na aliye chini: kuku, mbuzi, mtoto aliyelala juu ya mukeka. Picha haiwezi kukuonyesha ile. Kama nyumba iko mu shimo, uliza majirani: "Hapa nyama hazikufaka bila ugonjwa?" Wakijibu ndiyo, acha hiyo nyumba hata kama bei ni ndogo. Observatoire Volcanologique de Goma (OVG) inafwatilia gesi hizo. Kwenda kuuliza si haya.

Mwisho, fika mwenyewe mara mbili, mchana na kisha mvua. Ongea na motari wa kwenye kona, na mama anayeuza makala. Hao hawana kitu mu garanti yako. Kama uko mbali, tuma mwenzako wa promo aende akuangalilie.

Nyumba ninamoishi leo, hakuna aliyeisifu kwa simu. Mama wa makala aliniambia tu: "Mwanangu, maji inatoka siku ya pili na siku ya tano. Uamke mapema." Nikalipa.