Logi Zinaponyamaza kwenye Seva ya Hali ya Hewa

Ujumbe wa SYNOP, ambao vituo vya hali ya hewa duniani vimeutumia kwa miongo mingi, una tarakimu moja ambayo kila fundi wa seva angefaa kuijua. Ni ile inayohusu mvua. Kundi la tarakimu za mvua likikosekana kwenye ujumbe, tarakimu hiyo hueleza sababu: 3 maana yake mvua haikunyesha, 4 maana yake mvua haikupimwa. Kituo cha Kigoma, chenye namba 63801 kimataifa, kikiandika 3 kinatoa habari za anga. Kikiandika 4 kinatoa habari zake chenyewe.

Seva inayopokea vipimo haina tarakimu kama hiyo. Kazi yake hufanywa na kumbukumbu za mfumo, ambazo mafundi huziita logi: kila tukio mstari wake, wenye saa, programu iliyohusika na kilichotokea. Logi zikinyamaza, usiku wa Machi ambao data hazikufika unaweza kusomwa mwakani kama usiku usio na mvua. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una masika ya kweli, na wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa gizani, mbali na nchi kavu. Kuandika sifuri mahali pasipopimwa ni kuwadanganya watu wanaohitaji rekodi hizo kuliko wengine wote.

Tuseme kuna seva Kigoma mjini inayopokea vipimo vya vituo vya mwambaoni, toka Ujiji hadi upande wa Gombe. Data zinaingia vizuri, lakini faili la logi halijaongezeka hata mstari mmoja tangu saa tisa usiku. Wengi hukimbilia kuizima seva na kuiwasha upya. Mimi napinga. Huenda logi zikarudi, lakini sababu itakuwa imefutika, na wiki ijayo mtakuwa palepale.

Ujumbe wa logi una safari yake. Programu inautoa, huduma ya logi (kwenye Linux mara nyingi ni rsyslog au journald) inaupokea, kanuni zinaamua uende faili gani, ndipo unaandikwa kwenye diski. Tuma ujumbe wako mwenyewe kwa amri ya logger, ukiwa na neno usiloweza kulichanganya na jingine, kupitia njia ileile inayotumiwa na programu ya data. Ukifika kwenye faili, huduma ni nzima na shida iko kwenye programu. Usipofika, mulika kanuni, ruhusa za faili na diski.

Programu ya LDM, iliyotengenezwa na Unidata huko Boulder, Marekani, kwa ajili ya kusambaza data za hali ya hewa, inaonyesha jambo hili vizuri. Matoleo yake ya zamani yalipitisha logi kwenye njia iitwayo local0, na kanuni moja ya huduma ya logi ikazielekeza kwenye faili la ldmd.log. Kanuni hiyo ikikosewa, au faili likiwa mali ya mtumiaji mwingine, LDM ya matoleo hayo huendelea kupokea data kama kawaida huku ldmd.log likibaki tupu.

Sasa turudi kwenye saa tisa usiku, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi. Saa tisa usiku ya Kigoma ni 00:00 kwa saa za kimataifa (UTC), na seva nyingi za hali ya hewa hufuata UTC. Kwenye mifumo mingi, karibu na saa hiyo ndipo logrotate, programu ya kuzungusha mafaili ya logi, huamka, ikabadilisha jina la faili la jana na kufungua jipya. Lakini programu iliyokwisha kufungua faili haifuati jina lake, inashikilia faili lenyewe. Isipopewa ishara ya kulifungua upya, itaendelea kuandika kwenye faili la jana huku wewe ukikodolea macho jipya lisilo na kitu. Faili la jana likifutwa, uandishi bado unaendelea: amri ya df inaonyesha diski inajaa, ya du haioni kinachoijaza. Amri ya lsof itakuonyesha faili lililofutwa na programu inayoling'ang'ania. Ipe programu hiyo ishara, kisha rekebisha mpangilio wa logrotate ili iwe inafanya hivyo yenyewe kila inapozungusha mafaili.

Kuna kimya kingine ambacho huja wakati mbaya kabisa. Dhoruba ikikata mtandao, vituo vyote hujaribu kuunganishwa tena kwa pamoja na ujumbe humiminika. Kwa mpangilio wa kawaida, kikomo cha msingi cha journald ni ujumbe 10,000 wa huduma moja ndani ya sekunde 30, na unaozidi kikomo hutupwa. Kama logi zinasafirishwa kwa UDP kupitia mlango 514, nyingine hupotea njiani bila yeyote kuarifiwa. Tumia TCP, na foleni inayohifadhiwa kwenye diski.

Saa nayo huharibu rekodi. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli, nje ya Gridi ya Taifa, na kukatika kwa umeme si jambo geni. Kompyuta ndogo nyingi za vituoni hazina betri ya saa: zikiwaka, huanza na saa ya mwisho zilizoihifadhi hadi mtandao uzisahihishe. Matukio mapya huandikwa kwa saa za zamani, na logi huonekana kama zina pengo au zinarudi nyuma. Ujiji wanajua ugumu wa kulinganisha rekodi za aina hii. Mwandishi wa habari Stanley aliandika kwamba alikutana na mmisionari Livingstone hapo tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone ilikuwa bado Oktoba. Kwenye mvua, tofauti ya saa tatu tu kati ya saa za Kigoma na UTC inatosha kuharibu hesabu. Kipimo cha siku husomwa saa tatu asubuhi, yaani 06:00 UTC, na seva ikichanganya saa hizo mbili, mvua ya asubuhi huhamia siku isiyo yake.

Ningeanza na kinga moja rahisi. Moduli ya immark ya rsyslog huandika mstari wa MARK kila baada ya dakika 20, hata kama hakuna lililotokea. Iwashe. MARK zikiwepo na vipimo havipo, mpigie simu mtunza kituo. MARK nazo zikikosekana, mwache mtunza kituo alale, na uanze na diski.