Kelele Haziporomoshi Theluji

Kila msimu wa baridi unapoanza Ulaya, napata swali lilelile kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi Zürich, Munich na Innsbruck, na siku hizi hata Calgary: "Wikendi hii tunakwenda mlimani na marafiki. Ni kweli tukipiga kelele theluji itaporomoka?" Wengine hawaulizi kabisa. Wanataka tu niwathibitishie kwamba wakinyamaza watakuwa salama. Jibu ni hapana: sauti ya binadamu haiporomoshi theluji. Nimelitoa jibu hilo kwa sentensi moja mara nyingi na sentensi moja haijatosha, kwa hiyo leo nalieleza kwa urefu, maana imani hii inaua.

Inaua hivi. Nimeona kundi likivuka mteremko mkali karibu na Davos, kimya kabisa, kiongozi wao akiwageukia na kidole mdomoni kila mtu alipokohoa. Walikuwa wamefuatana karibu karibu, wa nyuma akikanyaga alipotoka wa mbele, na walipofika katikati wakasimama wote pamoja kunong'onezana waelekee wapi. Sauti walizozizuia zisingedhuru chochote. Hatari yao yote ilikuwa uzito wa watu wengi juu ya kipande kimoja cha theluji, tena mahali ambapo kikikatika kingewachukua wote asibaki hata mmoja wa kuwafukua wenzake. Laiti wangeachana mita 50 na kuvuka mmoja mmoja huku wakiimba, wangekuwa salama zaidi.

Theluji ya mlimani hailali kama fungu moja. Inayoanguka leo hujilaza juu ya ile ya juzi, na kila tabaka lina tabia yake. Mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa bado nyembamba na usiku ukiwa na anga tupu na baridi kali, ndani yake huzaliwa punje kubwa zenye pembe zisizoshikamana. Ukizichota zinachururika kati ya vidole; ukizifinya hazifanyi donge. Baadaye upepo huleta theluji mpya, huisaga na kuishindilia juu ya punje hizo mpaka inakuwa bamba gumu. Hapo unapata ubao mzito uliolazwa kwenye mteremko juu ya punje za mtama. Ubao umetulia kwa sababu punje bado zinahimili. Mtu akikanyaga, punje zilizo chini yake zinavunjika, mvunjiko unasambaa chini ya bamba makumi ya mita kwa sekunde, na kufumba na kufumbua bamba limekatika, mara nyingi juu ya pale aliposimama. Yeye yuko katikati yake, wala hana pa kurukia.

Sasa tupime uzito. Chukua bamba dogo tu, upana mita 50, urefu mita 50, unene nusu mita. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoshindiliwa na upepo ina kama kilo 200. Jumla ni tani 250, na mzigo huo ukishaanza kuteremka unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Kitu kinachoweza kuuachia mzigo kama huo lazima kifike kwenye tabaka dhaifu na kulivunja.

Je, sauti inaweza? Sauti ni badiliko dogo la shinikizo la hewa. Ukelele wa nguvu, wa desibeli 100 hivi, una shinikizo la paskali 2, na kila umbali unapoongezeka mara mbili shinikizo hilo hupungua nusu. Mtu wa kilo 80 pamoja na mkoba wake, akiwa amesimama tu juu ya skii zake mbili, anaikandamiza theluji kwa paskali 2,000 na ushee. Hiyo ni zaidi ya mara elfu moja ya ukelele wake, naye bado hajapiga kona wala kuanguka. Akivua skii na kutembea kwa buti, uzito uleule unakaa kwenye eneo dogo la unyayo na shinikizo linaongezeka mara kumi. Anayezuia sauti yake huku miguu ikiendelea kukanyaga amezuia kisichofaa kuzuiwa.

Hapa ndipo ninapoletewa hoja ya mizinga. "Mbona Kanada wanapiga mizinga kuangusha theluji?" Ni kweli. Katika Rogers Pass, wanajeshi wa Kanada wamekuwa wakitumia mizinga ya milimita 105 tangu miaka ya 1960 kuilinda barabara kuu inayopita chini ya milima ile. Lakini tazama kazi yenyewe ilivyo. Mzinga unafyatuliwa barabarani, kombora linalipuka juu kwenye mteremko uliolengwa, na kinachovunja tabaka ni mlipuko huo uliotokea palepale kwenye theluji. Mshindo wa mzinga ungekuwa unatosha, wasingehitaji kulenga wala kutumia kombora. Wangepiga baruti tupu na milima yote ya jirani ingejimwaga. Vituo vya skii vya Alps navyo huweka baruti juu ya theluji au karibu kabisa nayo kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna wanaoniambia, "Lakini mjomba aliona kwa macho yake: mtu alipiga ukelele na mlima ukashuka." Simkatalii mjomba alichokiona, nakataa mpangilio wake. Mtu anayeona ufa ukikimbia kwenye theluji mbele ya skii zake hupiga ukelele. Aliye bondeni husikia ukelele kwanza, akainua macho na kuona theluji ikija. Filamu nazo zimelikoleza jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu mwangwi ni rahisi kuuonyesha kuliko punje za barafu zilizofukiwa nusu mita. Maporomoko mengine hayahitaji mtu kabisa. Kijiji cha Galtür, Austria, kilifunikwa tarehe 23 Februari 1999 na watu 31 wakafa humo, baada ya wiki kadhaa za theluji nyingi na upepo. Mzigo wa theluji mpya ulitosha. Hakuna aliyeusaidia kwa kelele.

Ila yako maporomoko ya aina nyingine, nayo ndiyo yanayowahusu wasomaji wa safu hii. Katika maporomoko yanayowaua watu wa kutembea na kuteleza nje ya njia zilizolindwa, kama tisa kati ya kumi yameanzishwa na marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake. Sitaki mtu aisome sentensi hiyo haraka. Mlima haukuwavizia. Waliingia kwenye mteremko fulani, siku fulani, kwa uamuzi wao, na uzito wao ukafanya kazi. Ukishakubali hilo, usalama wako unakuwa mikononi mwako kuliko ulivyofikiri, kwa kuwa mteremko unaweza kuuchagua. Imani ya kelele inakunyang'anya uwezo huo. Inakufundisha kwamba mteremko wowote unapitika mradi mdomo umefungwa.

Inakuziba masikio pia. Tabaka dhaifu linapoporomoka chini ya miguu yako mahali tambarare, theluji hutoa mguno mzito na mfupi ambao unausikia nyayoni kabla haujafika masikioni, na wakati mwingine uso wa theluji hushuka kidogo mbele yako. Huo ndio mlio wa kuuogopa mlimani, na unatoka chini. Maana yake ni kwamba mvunjiko umeanza na kusambaa, na kilichokuokoa ni kukosekana kwa mteremko tu. Tena mvunjiko ulioanzia tambarare unaweza kukimbia hadi kwenye mteremko ulio juu yako na kuuangusha ukiwa umesimama chini yake. Ukiusikia mguno huo, au ukiona nyufa zikichanika kutoka kwenye ncha za skii, safari ya miteremko mikali imekwisha siku hiyo. Usingoje ishara ya pili.

Kwa waliopanda Kilimanjaro na kudhani wanaijua theluji, nawaomba mnielewe. Njia za Marangu na Machame zinakufundisha mwinuko, pumzi na subira. Hatari kubwa huko ni ugonjwa wa mwinuko, na upande wa Western Breach ni mawe yanayoanguka, yaliyoua wapandaji watatu wa Kimarekani Januari 2006. Kufika kilele cha Uhuru hakukupi ujuzi hata kidogo wa theluji iliyolundikwa na upepo kwenye mteremko wa Alps.

Basi la kufanya ni hili. Soma taarifa ya hatari kabla ya kutoka. Nchini Uswisi inatolewa na taasisi ya SLF ya Davos, wakati wa baridi saa 11 jioni na tena saa 2 asubuhi. Nchini Kanada inatolewa na Avalanche Canada. Ngazi ni tano, na usidanganyike kwamba ngazi ya 3 ni ya katikati kwa hiyo ni ya kawaida. Hatari huongezeka kwa kuruka kutoka ngazi moja hadi nyingine, na vifo vingi zaidi hutokea katika ngazi ya 3, kwa sababu 4 na 5 huwaogopesha watu wakabaki nyumbani. Soma maelezo pia, usiishie kwenye namba: taarifa inakutajia pande za mlima na mwinuko ambako tatizo liko.

Pima mteremko. Mabamba hukatika hasa kati ya nyuzi 30 na 45. Ramani za simu za Uswisi zina rangi zinazoonyesha miteremko ya kuanzia nyuzi 30, na simu yenyewe inaweza kupima pembe ukiilaza juu ya fimbo ya skii iliyolazwa kwenye mteremko. Hatari ikiwa ngazi ya 3, kaa chini ya nyuzi 30, na uangalie kilicho juu yako, maana theluji hukufuata hadi bondeni. Epuka sehemu ambazo theluji ni nyembamba karibu na miamba. Hapo uzito wako unalifikia tabaka dhaifu kwa urahisi. Epuka korongo na mashimo, ambako poromoko dogo hukufukia kwa kina. Vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Pigeni kelele kadiri mnavyotaka, hasa kuonyana.

Vifaa ni vitatu, kila mtu awe na vyake: transiva (kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa) iliyovaliwa mwilini na kuwashwa tangu mnapotoka, ufito wa kukunja wa kuchomea theluji, na koleo la chuma. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havina kazi. Mkoba wenye puto husaidia usizame, lakini hauzuii kugongwa na mti au mwamba. Fanyeni mazoezi ya kutafuta transiva iliyofukiwa mpaka mikono ifanye yenyewe. Mwenzenu akifukiwa, kazieni macho mahali alipoonekana mwisho, hakikisheni hakuna poromoko jingine linalokuja, mmoja apige simu 112, au 1414 kwa helikopta za Rega Uswisi, na wengine waanze kutafuta papo hapo. Takwimu za Uswisi zinaonyesha kwamba aliyefukuliwa ndani ya dakika 10 ana nafasi kama tisa kati ya kumi ya kuishi, na ikifika nusu saa nafasi imeshuka hadi tatu. Helikopta ni nadra kufika ndani ya dakika 10. Mwokozi wake ni nyinyi mliosimama pale. Chimbeni kwanza kuelekea kichwani, safisheni mdomo na pua, hakikisheni anapumua.

Kama huna vifaa, au hujasoma kozi ya siku mbili tatu ambayo vilabu vya milima huandaa kila mwaka, baki kwenye njia za majira ya baridi zilizofunguliwa na kuwekewa alama. Alps zimejaa njia hizo, zinakaguliwa, na zikiwa hatarini hufungwa. Mlima unaouona kutoka hapo ni uleule, na jioni utarudi kwa watoto wako.