Vitabu vya Hesabu Vinavyovuka Mto Kagera

Ushirikiano wa kikanda wa vyombo vya taaluma ya uhasibu ni makubaliano ambayo kwayo bodi na taasisi zinazowatahini, kuwasajili na kuwasimamia wahasibu katika nchi jirani hutambua sifa za wanataaluma wa kila upande, hutumia viwango vinavyofanana vya kuandaa na kukagua hesabu, na hupeana taarifa juu ya mienendo yao. Mambo haya hujadiliwa zaidi katika kumbi za Arusha, Nairobi na Kampala, na huenda ndiyo sababu wengi wakayaona kuwa ni ya wakubwa wa mijini. Hata hivyo uzito wake huonekana vizuri zaidi mahali kama Rubwera, wilayani Kyerwa nchini Tanzania, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na ambayo mto Kagera unaitenganisha na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, kwa kuwa huko bidhaa, fedha na madeni huvuka mpaka kila msimu wa kahawa, ilhali sahihi ya mkaguzi wa hesabu hubaki upande mmoja.

Vyombo vyenyewe havikuzaliwa tumbo moja. Nchini Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ni chombo cha serikali kinachotahini, kusajili na kudhibiti kwa wakati mmoja. Kenya imezigawa kazi hizo, kwani mitihani husimamiwa na KASNEB na usajili ni wa taasisi ya wanataaluma wenyewe, ICPAK, ambayo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2008. Uganda ina ICPAU, inayoongozwa na sheria ya mwaka 2013 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1992, na Rwanda iliunda taasisi yake, ICPAR, kwa sheria ya mwaka 2008. Tofauti hii ina athari katika utendaji, kwa sababu chama cha wanataaluma kikiahidi jambo kwenye mkutano hujibu kwa wanachama wake, lakini bodi ya serikali hujibu pia kwa wizara na kwa sheria ya kazi za wageni, ambayo haikuandikwa na wahasibu.

Juu ya vyombo hivi kulikuwa na shirikisho la wahasibu wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, ECSAFA, lililoanzishwa mwaka 1990, ambalo nafasi yake ilichukuliwa na shirikisho la Afrika nzima, PAFA, lililozinduliwa Dakar mwaka 2011. Mwaka huohuo wa 2011 vyombo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilitia saini mkataba wa kutambuana, yaani makubaliano ya kukubali kwamba mwenye sifa ya juu ya uhasibu katika nchi moja mwanachama anastahili kuingizwa kwenye daftari la wahasibu la nchi nyingine bila kuanza mitihani upya. Msingi wake ni Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambayo kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi zioanishe na kutambua sifa za elimu na za taaluma.

Hapa ndipo wasomaji wengi, na hata baadhi ya wahasibu, huchanganya mambo mawili. Kutambuliwa kwa sifa hakumpi mtu leseni ya kukagua, yaani ruhusa ya kutia sahihi kwenye ripoti inayosema kwamba hesabu za kampuni zinaonyesha hali halisi. Leseni hiyo hubaki mikononi mwa bodi ya nchi mwenyeji, ambayo ina haki ya kutaka uthibitisho kwamba mwombaji anazijua sheria za kampuni na kodi za hapo, na kibali cha kazi nacho hutoka kwenye mamlaka nyingine kabisa. Sharti la kodi lina maana yake: kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 kwa kiwango cha kawaida nchini Kenya lakini 18 nchini Uganda na Rwanda, na tofauti za misamaha na za makato ya uchakavu wa mali ni nyingi kuliko za viwango. Mhasibu wa Mbarara, Uganda, anaweza kuwa bingwa wa taaluma yake na bado akamtia mteja wa Kyerwa matatani mbele ya Mamlaka ya Mapato.

Pamoja na mipaka hiyo, kazi kubwa imefanyika mahali pasipoonekana, kwenye viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, yaani kanuni zinazoeleza mali ithaminiwe vipi na mapato yahesabiwe lini. Kenya ilivikubali mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004. Mfano wa karibu ni kahawa. Kwa kanuni hizo mbuni wenyewe, kwa kuwa huzaa kwa miaka mingi, huhesabiwa tangu mwaka 2016 kama mtambo au jengo, hupewa gharama yake na kupunguzwa thamani kadiri unavyozeeka, lakini tunda lililo juu ya tawi huhesabiwa kama mali hai na kupewa bei ya soko baada ya kutoa gharama za kuuza. Sasa ichukuliwe butura, ile biashara inayopigwa vita na viongozi wa mkoa wa Kagera kwa miaka mingi, ambapo mkulima huuza kahawa ingali maua au mbichi shambani kwa bei ya kutupa. Fedha aliyotoa mnunuzi si gharama ya kahawa iliyomo ghalani, bali ni malipo ya awali, na kwa mkulima, kama angekuwa na vitabu, fedha hiyo isingekuwa mapato, bali deni mpaka siku kahawa itakapokabidhiwa. Mfanyabiashara anayeiandika kama shehena anayoimiliki ameingiza kwenye mizania yake, yaani orodha ya mali na madeni, kitu kilicho bado mtini. Mkaguzi wa Bukoba na wa Kampala wataliona kosa hilo kwa jicho moja, na hilo ni tunda la ushirikiano ambalo halikuhitaji mtu yeyote kuvuka daraja la Murongo.

Hapohapo Murongo, mkabala na Kikagati ya Uganda, kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 14 kilichozinduliwa mwaka 2023, ambacho umeme wake nchi mbili hugawana nusu kwa nusu. Mgao wa namna hiyo hutegemea vipimo, ankara na ubadilishaji wa fedha za nchi mbili unaofuata kanuni zilezile, la sivyo kila mwisho wa mwaka ungegeuka ubishi juu ya nani anamdai nani.

Palipo dhaifu ni kwenye nidhamu. Mhasibu akifutwa kwenye daftari la nchi moja kwa udanganyifu, mkataba wa kutambuana huwa na maana pale tu bodi ya jirani inapopata habari hiyo kabla hajaomba kusajiliwa upya kwake. Shirikisho la kimataifa la wahasibu, IFAC, linawataka wanachama wake wawe na utaratibu wa kuchunguza na kuadhibu, lakini kuchunguza ndani ya nchi na kuarifiana kati ya nchi ni kazi mbili tofauti. Vikao vingi vimetumika kuoanisha mitaala, na si vibaya, ila orodha moja ya pamoja ya waliosimamishwa, inayosomeka na karani wa benki wa Kayanga, wilayani Karagwe, kwa dakika chache, ingelinda fedha za watu wengi zaidi.

Kongo ya Kidemokrasia, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, imeleta ugumu mpya, kwa kuwa tangu mwaka 2012 imo katika OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi ambazo nyingi hutumia Kifaransa, wenye mfumo wake wa hesabu unaoziwekea kampuni orodha ya akaunti zenye namba maalumu. Mizania ya kampuni ya Bukavu na ya kampuni ya Dar es Salaam hazipangwi wala hazisomwi kwa namna moja, na mhasibu anayeziweza zote mbili ni adimu.

Wakati huohuo, hesabu nyingi za Karagwe na Kyerwa haziandikwi na wahasibu wa ngazi ya juu. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, hukusanya kahawa kutoka vyama vya msingi ambavyo vitabu vyake huandikwa na makarani: stakabadhi ya mkulima, uzito, malipo ya kwanza, malipo ya pili. Ukaguzi wa vyama hivyo ni kazi ya COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa ushirika. NBAA ina mitihani ya ngazi ya ufundi sanifu, ATEC, inayowafaa makarani wa aina hiyo, lakini mkataba wa mwaka 2011 uliandikwa kwa ajili ya wenye sifa ya juu, na karani mwenye cheti hicho akipata kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa ng'ambo ya mto, mwajiri ndiye atakayeamua cheti kina thamani gani.