Baiskeli 14 kwenye stoo ya mita 3 kwa 3: nilivyozitundika ukutani

Leo naongea na wewe unayeuza baiskeli za mtumba mtandaoni, halafu stoo yako ni chumba kimoja cha uani au kona ya banda la gari la nyumbani.

Mimi nilianza kwa kuziegemeza. Tisa, moja juu ya nyingine, kama kuni. Mteja wa Kyela (kule tambarare, baiskeli zinatembea kweli kweli) akachagua moja kwenye picha, akalipa. Kuifikia ikabidi nitoe saba, na pedali ya mojawapo ikamchubulia rangi yake. Nikajifanya sijaona, nikaipakia kwenye Koasta. Alipoipokea akanitumia picha ya ule mchubuko: "Ndugu, hii sio niliyoilipia." Alikuwa sahihi. Nikarudisha pesa yote na nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Wiki hiyo hiyo nikamtafuta fundi.

Hesabu yenyewe ni hii. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8, na usukani unachukua kama sentimita 60. Ukizipanga chini kwenye ukuta wa mita 3 zinaingia 5, na zimekula zaidi ya nusu ya chumba. Ukizitundika kwa tairi la mbele, zikasimama wima, zinatokeza kama mita 1.1 tu pamoja na unene wa mbao. Ukuta mmoja unabeba 7, wa pili 7, katikati inabaki njia ya sentimita 80. Mlango uwe kwenye ukuta mwingine lakini.

Siri ya kuingiza 7 ni kupishanisha. Ndoano moja sentimita 185 kutoka sakafuni, inayofuata 210, halafu 185 tena, na kati ya ndoano na ndoano acha sentimita 40. Ukiziweka zote usawa mmoja, sukani zinagongana na unarudi kwenye michubuko ile ile. Phoenix na nzito zote zikae chini. Usijidanganye kunyanyua kilo 20 juu ya kichwa kila mteja akisema "niioneshe ile".

Sasa mbao. Baiskeli 7 nzito ni kama kilo 140, kwa hiyo uzito usiuachie ukuta, hasa ukuta wa tofali za kuchoma ambao fisha zinatoka zenyewe. Mimi nilisimamisha nguzo nne za mbili kwa nne, kila mita moja, zimekanyaga sakafu. Juu yake nikapigilia mbao mbili za kulala, moja ya ndoano za chini na moja ya ndoano za juu. Ya tatu iko sentimita 50 kutoka sakafuni, hiyo ni ya tairi la nyuma kuegemea. Ukutani nimefunga skrubu chache za kuzuia isianguke mbele, basi. Chumba ni cha kupanga, na mwenye nyumba wangu akisikia drili anakuja mwenyewe. Nikihama, naondoka nayo. Paini inapatikana kirahisi huku kwetu, ila chagua iliyokauka. Mbichi itapinda ikishabeba mzigo.

Ndoano usinunue zile nyembamba za kutundikia nguo. Mpelekee fundi wa kuchomelea nondo ya milimita 10, aikunje, aichomelee kwenye bapa lenye matundu mawili ya skrubu. Mwambie mdomo wa ndoano upande juu vya kutosha. Ardhi ya Rungwe huwa inatikisika mara moja moja, na ndoano yenye mdomo mfupi inaachia. Kisha vika kila ndoano kipande cha mpira wa ndani wa zamani ili rimu isikwaruzike.

Mvua ya Tukuyu unaijua. Usitundike baiskeli ikiwa imelowa, maji yanaingia kwenye beringi na mnyororo unapiga kutu kabla hujaposti. Futa, tia mafuta, ndo utundike. Zenye breki za mafuta zikikaa wima muda mrefu huwa mkono unalegea. Kabla ya kumpelekea mteja isimamishe kawaida kwanza, minya breki mara kadhaa. Ikibaki laini, fundi aitoe hewa.

Mwisho niliandika namba kwa chaki juu ya kila ndoano, na namba hiyo hiyo naiweka kwenye posti. Mteja akisema "nataka namba 6", naishusha hiyo hiyo, nampiga picha mpya mchana huo pande zote mbili na mnyororo, namtumia kabla hajalipa.